Tenda wema, usiende zako

*Zaidi ya miaka 30 tangu kambi ya Benaco ifunguliwe wilayani Ngara, maamuzi yaliyookoa maelfu ya watu bado yanadaiwa maelezo. Deni hilo linamhusu kila mwenye taaluma ya kuhudumia wengine.*

Na Mwandishi Wetu

Katikati ya Juni 1994, umati wa watu wapatao 5,000, wengine wakiwa na mapanga na marungu, uliwazingira watumishi wa mashirika ya misaada katika kambi ya Benaco, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Polisi walifyatua risasi hewani ili kuutawanya. Umati ule haukuwa unadai chakula wala maji. Ulikuja kumtetea mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa mkuu wa komuni (eneo la utawala) ya Murambi, kaskazini mashariki mwa Rwanda. Sifa yake mbaya ilikuwa imemtangulia kambini: alitajwa miongoni mwa viongozi wa mauaji ya kimbari. Ilipotakiwa aondolewe, wafuasi wake walikuja juu. Mashirika yakasimamisha huduma nyingi, yakashikilia kwamba yeye na wenzake kadhaa hawawezi kuendelea kukaa pale.

Hatimaye Gatete aliondolewa Benaco, lakini hakupelekwa mahakamani. Alikuja kukamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2011, na mwaka uliofuata rufaa ikapunguza adhabu hadi miaka 40.

Mahakama ilijibu swali la alichokifanya Gatete nchini kwao. Kuna swali jingine ambalo halikuwa kazi ya mahakama: watu waliokuwa wakitafutwa kwa mauaji walipataje nguvu kiasi kile ndani ya kambi iliyojengwa, kulishwa na kutibiwa na watu wema? Sehemu ya jibu iko kwenye karatasi ya kawaida kabisa, yaani orodha ya mgawo wa chakula.

Siku moja ya Rusumo

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Daraja la Rusumo na kuingia Tanzania kwa muda wa takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisema halijapata kuona watu wengi hivyo wakikimbia kwa kasi ile. Chini ya daraja, Mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti kuzipeleka Ziwa Victoria.

Wilaya nzima ya Ngara, kuanzia Rusumo mpakani hadi Kibimba, Rulenge na Murusagamba, haikuwa na wakazi 200,000. Siku moja ikatosha kuwafanya wageni wawe wengi kuliko wenyeji. Mahali palipoitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji wa maturubai. Ilisemwa wakati ule kwamba ni mji wa pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar es Salaam.

Kazi iliyofanyika pale ilikuwa kubwa na ya kitaalamu. Maji yalivutwa na kusafishwa, vyoo vikachimbwa, watoto wakachanjwa surua, malori ya chakula yakafika. Kipimo chake kilionekana Julai, wakimbizi wengine walipomiminika Goma, Zaire ya wakati ule. Huko, ndani ya mwezi wa kwanza, watu wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Benaco haikupata maafa ya namna hiyo. Anayetaka kulaumu sharti aanze kwa kulikubali hilo.

Tatizo ni kwamba waliovuka daraja hawakuwa wa aina moja. Wengi wao walikuwa wakulima, wanawake na watoto, Wahutu waliokuwa wakikimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likisonga mbele. Lakini katikati yao walikuwamo viongozi na wanamgambo waliokuwa wameongoza mauaji ya Watutsi tangu Aprili 7. Kanisa la Nyarubuye, ambako maelfu waliuawa katikati ya Aprili, liko upande wa pili wa mto, mwendo mfupi kutoka mpakani.

Aliyeshika orodha

Tujiweke mahali pa ofisa wa ugavi. Malori yamefika. Mbele yake kuna robo milioni ya watu wasio na kadi, wasiojulikana majina, na wasiozungumza lugha yake. Akichelewa kwa siku mbili, watoto watakufa. Afanyeje?

Jibu lilikuwa limekuja lenyewe kutoka Rwanda. Watu walikuwa wamevuka wakiwa wamejipanga kama walivyoishi kwao: komuni kwa komuni, sekta kwa sekta, na viongozi wao mbele. Ilitosha kumwita mkuu wa komuni, kumuuliza ana watu wangapi, kumkabidhi magunia na kumwachia agawe. Chakula kilitoka haraka, na kwa gharama ndogo.

Ila aliyeshika orodha ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusema nani yupo na nani hayupo. Angeweza kuongeza majina ya watu wasiokuwepo, akauza kilichobaki. Angeweza kumlipa kijana wa mgambo kwa mahindi na mafuta ya msaada. Angeweza kumnyima mgawo mjane aliyeanza kuzungumzia kurudi nyumbani. Mfumo uliowekwa ili kuokoa muda ukawarudishia madaraka watu waliotumia madaraka hayohayo kupanga mauaji.

> Mfumo uliowekwa ili kuokoa muda ukawarudishia madaraka watu waliotumia madaraka hayohayo kupanga mauaji.

Mfano wa wazi ni Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, iliyokuwa na kanisa la Nyarubuye. Alivuka pamoja na watu wake. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, alimkuta Benaco mwaka huohuo wa 1994 na kumuuliza ana kwa ana kuhusu mauaji. Miaka saba ilipita kabla ya kukamatwa, Juni 2001, katika kambi nyingine ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya Arusha ilimkuta na hatia ya mauaji ya kimbari, maangamizi na ubakaji. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30. Mwaka 2006 rufaa ikafanya kiwe kifungo cha maisha.

Katika wiki ya kwanza, kugawa chakula kupitia wakuu wa komuni kulikuwa uamuzi wa busara. Kila mtaalamu mwenye akili timamu angeweza kuufikia. Kosa lilikuja baadaye, pale mpango wa siku za hatari ulipogeuka utaratibu wa kila siku bila mtu kuketi na kuuliza kama sababu zake bado zipo. Ilichukua muda mrefu kabla ya mgawo kuanza kushushwa hadi kwa kaya, na kufikia hapo wenye orodha walikuwa wameshajijenga.

Kubaki au kuondoka

Mgogoro huu uliwagawa watu waliokuwa wakivaa fulana za aina moja.

Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) liliamua kuondoka. Lilijitoa katika kambi za Zaire Novemba 1994, kisha likafanya hivyo Tanzania kabla mwaka haujaisha. Hoja yake ilikuwa kwamba msaada unawanenepesha wauaji, unawapa heshima ya uongozi, na unawafungia wakimbizi wa kawaida mikononi mwao. Daktari anapojua kazi yake inatumika hivyo na akaendelea kunyamaza, anakuwa mshirika.

Matawi mengine ya MSF, yakiwamo ya Ubelgiji na Uholanzi, yalibaki hadi mwaka 1995. Nao walikuwa na hoja nzito. Mtoto mwenye nimonia hakumuua mtu. Ukiondoka, mkuu wa komuni hafi njaa. Atakula kwanza, kama alivyozoea. Atakayeumia ni yule mjane. Waliobaki waliamini kwamba kambi inaweza kubadilishwa na mtu aliyemo ndani yake: kwa kuhesabu watu upya, kudai ulinzi, na kupiga kelele.

Fiona Terry, aliyeongoza kazi za MSF Ufaransa nchini Tanzania wakati ule, aliandika kitabu kuhusu kitendawili hiki, kilichochapishwa mwaka 2002. Hakukiandika ili kuwaponda watoa misaada. Alikiandika kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Pande zote mbili zilikuwa na maadili, na kila upande ulikuwa na kiapo kilekile cha udaktari cha kutomdhuru mgonjwa. Tofauti yao ilikuwa kuhusu urefu wa mkono wa wajibu. Je, wajibu wa daktari unakomea kitandani kwa mgonjwa, au unafuata dawa na uji hadi mahali vinapoishia?

Kulikuwa na mhusika wa tatu ambaye lawama zilimpita pembeni. Kutenganisha wauaji na raia ni kazi ya dola. Inahitaji polisi, wapelelezi na mahakama. Baraza la Usalama liliunda mahakama ya Arusha Novemba 8, 1994, lakini hakuna taifa kubwa lililotaka kutuma askari wa kuwachuja watu kambini. Tathmini kubwa ya pamoja iliyofanywa na wafadhili na kutolewa mwaka 1996 ilifikia uamuzi huo: msaada wa kibinadamu hauwezi kushika nafasi ya hatua za kisiasa. Muuguzi aliachiwa kazi ya jenerali, kisha akaulizwa kwa nini ameshindwa.

Mahindi ya punje na msitu

Orodha ilikuwa na madhara kwa wakimbizi wenyewe. Maamuzi mengine yaliwagonga wenyeji, na hayo hayakupata vichwa vya habari.

Chukua chakula chenyewe. Mgawo ulitegemea mahindi na maharage. Mahindi ya punje yana sifa zote anazozitaka ofisa wa ghala: ni rahisi kununua, hayaharibiki upesi, yanasafiri vizuri. Lakini punje isiyosagwa huchemshwa kwa saa nyingi, na maharage makavu ni vivyo hivyo. Kila sufuria ilihitaji kuni, na kuni hazikuwamo katika mgawo.

Inakadiriwa kuwa wakimbizi wa Ngara walitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Kufikia mwaka 1996, kwa takwimu za UNHCR, kilomita za mraba 570 za misitu mkoani Kagera zilikuwa zimeathirika, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Wanawake wa vijijini waliokuwa wakiokota kuni karibu na nyumbani wakawa wanazifuata mbali.

Nyama nayo haikuwamo kwenye mgawo. Jirani na kambi palikuwa na mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo, na ujangili ukapamba moto. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu nyamapori katika kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania, ikieleza wazi kwamba sera ya chakula isiyojali kitoweo inachochea uwindaji haramu. Aliyepanga mgawo huo mezani, mbali na Ngara, hakuwa na nia ya kumuua hata digidigi mmoja.

Sokoni mambo yalikwenda kwa namna yake. Wakimbizi waliuza sehemu ya mahindi ili wanunue ndizi, chakula walichokizoea na ambacho hakikuletwa na malori. Uchunguzi wa Jennifer Alix-Garcia na David Saah, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa karibu na kambi bei za vyakula visivyokuwa vya msaada zilipanda sana, huku vile vya msaada vikibadilika kidogo. Mkulima wa ndizi alipata. Aliyekuwa akinunua ndizi alilia.

Vibarua vilevile. Mwenye shamba kubwa alipata wakimbizi wa kumlimia kwa ujira mdogo, akapanua heka zake. Mwenyeji maskini, Mhangaza au Mshubi, aliyekuwa akiishi kwa kulima mashamba ya wengine alikuta nafasi yake imechukuliwa. Beth Whitaker, aliyefanya utafiti katika vijiji vya magharibi mwa Tanzania miaka hiyo, aliliona hilo wazi: ujio uleule uliwainua waliokuwa na kitu na kuwasukuma chini wasiokuwa nacho.

Muuguzi wa zahanati ya kijiji

Suala jingine linagusa maadili ya kazi moja kwa moja. Mashirika yalipofika yalihitaji wauguzi, matabibu, walimu, madereva na makarani, tena kesho yake asubuhi. Waliopatikana haraka walikuwa watumishi wa serikali waliokuwa tayari katika zahanati, hospitali na shule za wilaya. Mashirika yakawalipa mishahara ambayo halmashauri haikuweza kuisogelea.

Nani wa kulaumiwa? Muuguzi mwenye watoto wa kusomesha hakufanya dhambi kwa kukubali mshahara bora, tena kwa kazi ya kuokoa maisha. Shirika lililomwajiri halikuvunja sheria. Meneja rasilimali watu alitimiza lengo lake kwa wakati. Lakini ukiyajumlisha yote, matokeo ni kwamba mama mjamzito wa kijiji cha Ngara alifika zahanati akamkosa mtu, wakati kilomita chache kutoka pale mkimbizi alikuwa akihudumiwa na muuguzi aliyekuwa wake.

> Kila uamuzi peke yake ulikuwa halali. Hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyajumlisha.

Athari hazikuishia hapo. Mchumi Javier Baez, katika utafiti wa mwaka 2011 uliotumia takwimu za kaya za Kagera, aligundua kuwa watoto wa wenyeji waliokulia karibu na kambi walikuwa na afya dhaifu zaidi, na ukubwani walikuwa wafupi kidogo na wamesoma kidogo kuliko wenzao wa mbali.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Hospitali za Murgwanza na Rulenge zilipata msaada. Barabara zilitengenezwa ili malori yapite, nazo zikabaki. Jean-François Maystadt na Gilles Duranton, katika utafiti wao wa mwaka 2019, walionyesha kuwa miaka mingi baada ya wakimbizi kuondoka, wenyeji waliokuwa karibu na kambi walikuwa na hali bora ya maisha, na sababu kubwa ilikuwa barabara hizo. Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, bado inasikika Ngara leo. Benaco yenyewe ni mji wa biashara, na madereva wa malori yaendayo Kigali hulala pale.

Kwa hiyo matokeo yasiyotarajiwa si lazima yawe mabaya. Ila ndani ya tafiti hizi kuna jambo la kusumbua: faida za barabara zilihesabiwa miaka mingi baadaye, na mtoto aliyekosa muuguzi mwaka 1995 hawezi kulipwa kwa barabara ya miaka ya baadaye.

Desemba 1996

Serikali nayo ilikuwa na nia yake njema, na wa kuiangalia kwanza walikuwa raia wake. Tanzania ilikuwa na historia ya ukarimu isiyo na mfano katika ukanda huu; mwaka 1980 ilianza kuwapa uraia makumi ya maelfu ya Wanyarwanda waliokimbia miaka ya mwanzo ya 1960. Lakini Machi 31, 1995, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifunga mpaka na Burundi. Kufikia mwishoni mwa 1996, chini ya Rais Benjamin Mkapa, uvumilivu ulikuwa umekwisha.

Mapema Desemba 1996, serikali na UNHCR walitoa tamko la pamoja: Wanyarwanda wote waliopo Tanzania wanaweza kurudi kwao salama, na wanatarajiwa wawe wamerudi ifikapo Desemba 31. Muda mfupi kabla ya hapo, mamia ya maelfu walikuwa wamerejea kutoka Zaire baada ya kambi za Kivu kushambuliwa.

Siku chache baada ya tamko, wakimbizi walianza kuzihama kambi, lakini kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Wengi walifuata amri za viongozi wao wa kambi. Jeshi na polisi waliwazuia na kuwageuza. Kufikia mwisho wa mwezi, karibu watu 500,000 walikuwa wamevuka Rusumo kurudi walikotoka.

Watetezi wa hatua ile wanasema ndiyo iliyovunja mateka. Viongozi wa kambi walikuwa wamewashikilia wakulima kwa miaka miwili na nusu kwa vitisho na kwa mgawo. Bila nguvu ya dola wasingewaachia kamwe. Wapinzani, Amnesty International ikiwa mstari wa mbele, walisema UNHCR iliweka sahihi kwenye tamko ambalo lilimnyima mtu mmoja mmoja nafasi ya kueleza hofu yake, kinyume na msingi wa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unaokataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini.

Hoja zote mbili zina ukweli. Zaidi ya hayo zina mzizi mmoja. Kama wauaji wangetenganishwa na raia mwaka 1994, kama orodha ingeondolewa mikononi mwao mapema, pengine mwaka 1996 kusingekuwa na haja ya kuwachunga watu nusu milioni kuvuka daraja. Uamuzi mdogo usiorudiwa ulizaa uamuzi mkubwa usioepukika.

> Uamuzi mdogo usiorudiwa ulizaa uamuzi mkubwa usioepukika.

Kanuni zilizozaliwa na aibu

Fani ya misaada haikukaa kimya. Mwaka 1994 ulishuhudia mwongozo wa maadili wa Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya serikali. Mwaka 1997 ukaanzishwa mradi wa Sphere, ambao kitabu chake kinapanga viwango vya chini vya maji, chakula, makazi na afya katika dharura. Mwaka 1999 Mary Anderson alichapisha kitabu kilichowataka watoa misaada wapime jinsi kila gunia na kila ajira inavyochochea au kupoza ugomvi wa mahali husika. Leo mtu hawezi kupata kazi ya maana kambini bila kuyajua mambo haya.

Hata hivyo, kanuni peke yake haitoshi. Ukiingia mkoani Kigoma utaikuta Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani na ambayo imeendelea kwa miongo mitatu. Mashirika yalijaribu kuwapa wakimbizi fedha taslimu badala ya kuwagawia chakula chote kwa magunia, yakitarajia kwamba mtu angenunua anachokihitaji na mkulima wa Kasulu na Kibondo angepata soko. Mwaka 2017 serikali iliusimamisha mpango huo. Kwa mtazamo wa mashirika, fedha zilitibu tatizo la zamani. Kwa mtazamo wa serikali, kambi yenye fedha na soko ni kambi isiyotaka kufungwa. Nia njema zilikutana tena, na aliyekuwa katikati hakuulizwa.

Wala jambo hili halikomei kwa wakimbizi. Mhandisi anayechimba kisima kirefu mahali pa wafugaji anavuta mifugo mingi kuliko nyasi zilizopo. Mhariri anayechapisha picha ya mwathirika ili jamii iamke anaweza kumwanika kwa adui zake. Wote hawa watajitetea kwa neno moja: nia yetu ilikuwa njema. Kwa jirani aliyekuazima jembe, utetezi huo unatosha. Kwa mtaalamu hautoshi, kwa sababu taaluma ni ahadi kwamba unajua zaidi ya nia yako.

Nani arudi kuangalia

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Walikuwa wakimfundisha mtu asingojee shukrani, na kwa hilo walisema kweli. Lakini anayelipwa kutenda wema hana ruhusa ya kwenda zake. Ngara inaonyesha mambo matatu ambayo angepaswa kuyafanya kabla.

La kwanza, kila uamuzi wa dharura uandikwe pamoja na tarehe ya kufa kwake. Kama chakula kinagawiwa kupitia wakuu wa komuni kwa sababu hakuna kadi, basi iandikwe kwamba utaratibu huu unakoma baada ya siku kadhaa, na anayetaka uendelee ndiye atoe sababu upya. Benaco ilikuwa kinyume: aliyetaka kubadilisha ndiye aliyebebeshwa mzigo wa hoja.

La pili, awepo mtu mwenye kazi ya kujumlisha. Ofisa wa ghala anajua mahindi, wa mazingira anajua kuni, wa utumishi anajua mishahara, na mganga mkuu wa wilaya anajua zahanati zilizobaki tupu. Wasipoketi meza moja kila mwezi, kila mmoja atatimiza lengo lake na wilaya itaumia kwa jumla.

La tatu, anayeathirika bila kuhudumiwa apewe kiti. Katika vikao vya Benaco viongozi wa wakimbizi walikuwa na sauti kuliko ilivyostahili. Kibarua wa Kihangaza aliyekosa kazi, mama wa zahanati, mwanamke anayefuata kuni mbali, hao hawakuwa wateja wa shirika lolote, hivyo hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya jina lao.

Hayo matatu yanagharimu fedha kidogo na ujasiri mwingi, hasa ujasiri wa kusimama mbele ya mfadhili na kumwambia kwamba mpango uliosifiwa mwezi uliopita unapaswa kuvunjwa mwezi huu. Hapo ndipo maadili ya kazi yanapopimwa. Kumkimbilia mwenye shida siku ya kwanza kila mwenye moyo anaweza, na watu wa Ngara walilifanya hilo mwaka 1994 kabla shirika lolote halijafika. Mtaalamu anatambulikana siku ya 60, anapofungua orodha yake mwenyewe na kuuliza sasa iko mikononi mwa nani.